Barua pepe imesomwa, kazi imesahaulika: programu sita za simu nilizozipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Mteja aliniandikia: "Tunaomba proforma ya fulana 120 kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi." Proforma ni ile ankara ya bei inayotangulia mauzo. Barua niliisoma ndani ya daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika simu. Nikapiga skrinishoti nikijiambia nitaishughulikia nikifika ofisini. Alhamisi saa tano niliikuta kwenye galari, katikati ya picha za kipaimara cha mpwa wangu. Fulana zile alizichapa mtu mwingine.

Skrinishoti ndiyo programu ya kazi inayotumiwa na wengi wetu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ya pili kwa ubaya ni ile tabia ya kuirudisha barua iwe kama haijasomwa, ili ile rangi nzito ikukumbushe. Inakukumbusha siku mbili. Siku ya tatu una barua arobaini zenye rangi nzito, na macho yamezizoea kama yanavyozoea matangazo ya ukutani.

Tangu siku ile nimetumia njia nyingi za kugeuza barua kuwa kazi yenye kikumbusho, nyingine kwa miezi, nyingine kwa wiki moja tu nikaziacha. Nafanya biashara ya kuchapa na kusambaza vifaa vya ofisi, kwa hiyo barua zangu ni za proforma, LPO (hati za kuagiza bidhaa), tarehe za kufungua zabuni, vikao, na siku za ritani za kodi. Nimezipanga programu kwa mizani ya mtu wa namna hiyo, anayefanya kazi nyingi kwa simu na kidole gumba kimoja. Niliyoyapima ni haya: nahitaji kugusa kioo mara ngapi mpaka barua iwe kazi yenye tarehe, nikiifungua ile kazi wiki ijayo, je, itanirudisha kwenye barua yenyewe na viambatisho vyake, na je, kikumbusho kitalia kweli. Bei inafuata baadaye, maana nyingi ni za bure, na ile inayolipiwa ina sababu yake.

Saa nne ya nani?

Kabla sijafika kwenye orodha, kuna jambo ambalo miongozo ya Kizungu haitakuambia, kwa sababu wao halijawahi kuwakuta.

Programu nyingi zinatangazwa kwamba "zinasoma" barua zako na kuweka matukio kwenye kalenda zenyewe. Ni kweli, kwa aina fulani ya barua. Tiketi ya ndege au uthibitisho wa hoteli huingia kwenye Google Calendar bila wewe kugusa kitu, kwa kuwa mara nyingi mtumaji ameficha ndani ya ujumbe data iliyopangwa: tarehe hapa, saa hapa, uwanja huu. Mashine haisomi maneno, inasoma ile data. Lakini mteja wako wa Mwanza hafichi data yoyote. Anaandika "Alhamisi saa nne asubuhi" na kuweka jina lake chini.

Hapo mashine ina mambo mawili ya kufanya. Ya kwanza ni kutoona chochote, na hiyo ndiyo nafuu. Ya pili ni kuona 4 na asubuhi, ikakuwekea 04:00. Programu moja ya msaidizi wa simu iliwahi kunifanyia hivyo. Simu ikalia saa kumi alfajiri, hata jogoo wa jirani hajaanza, unaambiwa ukafungue zabuni. Binti anayenisaidia ofisini sasa ana swali lake la kudumu kila mteja akipiga: "Samahani kaka, saa nne ya Kiswahili au ya Kizungu?" Wengine wanacheka. Aliyewahi kukosa kikao hacheki.

Na si saa peke yake. Watu wa pwani, hasa wazee, wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu siku kwao huanza jua likizama. Kalenda ya simu inabadilisha siku saa sita ya usiku. Mteja wa Unguja akikuandikia mzigo upakiwe usiku wa Ijumaa, muulize, usikisie.

Kwa hiyo nimeacha kuhesabu "inasoma tarehe yenyewe" kuwa sifa. Sifa ninayoitafuta ni wepesi wa mimi kuiweka tarehe kwa mkono wangu. Weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24, na kila unapoandika saa kwenye jina la kazi, andika 10:00, si saa 4. Mazungumzo yabaki na saa zetu. Kalenda ipewe tarakimu.

Ukifanya kazi na watu wa nje, kuna tofauti nyingine. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja; Lubumbashi, Goma, Bujumbura na Kigali wako nyuma kwa saa moja. London wako nyuma kwa saa tatu majira yao ya baridi na saa mbili majira ya joto, kwa sababu wao husogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Kikao cha saa 14:00 ya London ni 17:00 Dar es Salaam mwezi Januari, na 16:00 mwezi Juni. Mwaliko halisi wa kalenda, ule unaokuja na faili yenye mwisho wa .ics, unajirekebisha wenyewe. Saa iliyoandikwa tu ndani ya barua haijirekebishi. Mwombe mtu akutumie mwaliko, si ukorofi.

1. Gmail, Google Tasks na Google Calendar

Kwa mwenye simu ya Android na anwani ya Gmail, naanza hapa na sioni sababu ya kuomba radhi kwa kuchagua kile ambacho tayari kipo kwenye simu.

Fungua barua. Gusa vitone vitatu vya juu kulia, vile vya juu kabisa, si vile vilivyo karibu na jina la mtumaji. Chagua Add to Tasks. Basi. Kazi imeshaingia, na ndani yake kuna kiungo kinachokurudisha kwenye barua ile ile. Chini ya kioo unapita ujumbe mfupi kukuambia imeongezwa. Uguse kabla haujatoweka, ubadilishe jina na kuweka tarehe na saa. Kazi yenye tarehe inajitokeza ndani ya Google Calendar pamoja na vikao vyako. Kama huioni kule, fungua menyu ya pembeni ya kalenda uhakikishe Tasks imewekewa tiki.

Hiyo hatua ya kubadilisha jina usiiruke. Programu inachukua kichwa cha barua kama kilivyo, na sisi vichwa vyetu vya barua tunavijua: "Habari", "Salaam", "Re: Re: Fwd: URGENT". Orodha yenye "Habari" saba haikusaidii kitu. Mimi huanza na kitendo: "Tuma proforma fulana 120, Alh 10:00". Kisha kikumbusho sikiweki Alhamisi saa nne. Nakiweka Jumatano 15:00, wakati bado nina mtu wa kuniulizia bei ya vitambaa.

Kikao chenye watu wengine ni habari tofauti. Kwenye kompyuta, Gmail ina sehemu ya kutengeneza tukio moja kwa moja kutoka kwenye barua, ikabeba na watu waliomo. Kwenye simu njia ninayoitumia ni ndefu kidogo: nanakili mstari wenye mahali na mada, nafungua Calendar, nabonyeza alama ya kujumlisha, nabandika, naongeza anwani za wahusika. Ni kama nusu dakika. Kwa kazi yangu peke yangu sihangaiki na tukio, Task yenye saa inatosha.

Sasa mapungufu, maana yapo. Orodha za Google Tasks huwezi kushirikiana na mwenzako, kwa hiyo haifai ofisi ya watu watatu wanaogawana kazi. Ukiifuta barua, kiungo kinabaki hakina pa kwenda. Ihifadhi kwenye kumbukumbu (Archive) badala ya kuifuta. Halafu kuna bando. Gmail kwenye Android kwa kawaida huweka ndani ya simu barua za siku 30 zilizopita. Kazi uliyoitengeneza kutokana na barua ya miezi mitatu nyuma itafunguka, lakini barua yenyewe itahitaji intaneti. Ukiwa unakwenda site ambako mtandao ni wa kubahatisha, ingia kwenye mipangilio ya akaunti uongeze idadi ya siku, au pakua kiambatisho kabla hujaondoka.

La mwisho ndilo kubwa: Add to Tasks ni ya akaunti ya Google. Kama barua zako za kazi zinakuja kwenye info@ ya kampuni iliyo kwa mtu wa hosting, yaani anayetunza tovuti na barua zako, na umeiingiza tu ndani ya programu ya Gmail ili uisome, usitegemee mpango huu. Ama uelekeze barua za info@ zijinakili kwenye Gmail yako, ama shuka hadi namba 4.

Bei: bure. Nafasi ya GB 15 unaigawana kati ya barua, picha na Drive, na picha ndizo zinazoimaliza.

2. Outlook na Microsoft To Do

Kama mwajiri wako anatumia Microsoft 365, hii ndiyo namba moja kwako na ile ya juu isome kwa udadisi tu.

Uzuri wake uko kwenye bendera. Ndani ya Outlook ya simu, nenda kwenye mipangilio ya kutelezesha kidole, chagua upande mmoja uwe wa kuweka bendera. Kuanzia hapo, barua ikiingia unaitelezesha bila hata kuifungua, na inajipanga yenyewe kwenye orodha maalum ndani ya To Do, ukishaiwasha orodha hiyo kwenye mipangilio. Kwa wepesi wa kidole hakuna inayoishinda katika sita hizi. Nimesimama kwenye foleni ya benki nikapanga barua kumi na mbili kabla namba yangu haijaitwa.

Shida ni kwamba bendera haina tarehe. Barua kumi na mbili zenye bendera ni barua kumi na mbili zenye rangi nzito, tofauti ni alama tu. Lazima jioni ufungue To Do, ukae, uzipitie moja moja na kuzipa siku na kikumbusho. Mwenye nidhamu hiyo atafaidi. Kuna pia sehemu ya My Day, orodha ya leo tu, inayojifuta kila usiku na kukutaka uanze upya asubuhi. Mwanzoni iliniudhi, sasa nadhani ndiyo akili yake, maana kazi usiyoichagua siku tano mfululizo unaanza kuiuliza kama kweli utaifanya.

To Do inakubali kushirikiana orodha na wenzako, jambo ambalo Tasks haina. Ila ujue bendera zinaingia kwa akaunti za Microsoft, yaani za kazini, Outlook.com au Hotmail. Ukiingiza Gmail yako ndani ya Outlook, bendera zake haziendi To Do.

Mkumbuke pia Wunderlist, programu ya orodha za kazi, wale mliokuwa mnaipenda. Microsoft iliinunua 2015 na ikafungwa Mei 2020, na To Do ndiyo mrithi wake. Google nao walikuwa na Inbox, programu ya barua ambayo wengi waliiona bora kuliko Gmail yenyewe. Ikazimwa Aprili 2019. Programu ya bure ni nyumba ya kupanga. Usiweke humo kitu ambacho huwezi kukihamisha kwa siku moja.

3. Mail na Reminders za iPhone

Mwenye iPhone ana vitu vitatu vizuri ambavyo wengi hawavijui. Barua ikiwa wazi ndani ya Mail, ukimwambia Siri akukumbushe jambo hili, anatengeneza kikumbusho chenye kiungo cha barua. Tarehe zilizoandikwa kwa mtindo wanaoujua wao hupigiwa mstari, ukigusa unapewa kutengeneza tukio. Na tangu iOS 16 ya 2022 unaweza kutelezesha barua na kuiambia irudi juu ya kikasha siku na saa unayotaka. Toleo la iOS 18 la 2024 likaongeza kuviweka vikumbusho ndani ya Kalenda, na hapo ndipo ilipokamilika.

Inakaa ya tatu kwa sababu Siri hajui Kiswahili. Nasema naye Kiingereza changu cha shule, kwenye gari sawa, lakini mbele ya mteja ni aibu ndogo. Na ule mstari chini ya tarehe haujitokezi chini ya "Alhamisi saa nne". Pia ukisoma barua zako kwa programu ya Gmail ndani ya iPhone, ujanja wa Siri na kiungo unaupoteza. Inabidi utumie Mail yao wenyewe.

Kununua iPhone kwa ajili ya hili? Hapana. Ila kama unayo tayari, huna haja ya kuongeza kitu.

4. Todoist, ile ninayoilipia

Todoist ilianzishwa 2007 na Amir Salihefendić, mzaliwa wa Bosnia aliyekuwa mwanafunzi Denmark, na hadi leo kazi yao kubwa ni orodha za kazi. Naiweka ya nne katika orodha ya jumla, lakini kwa kundi moja la watu ningeiweka ya kwanza: wenye anwani ya kampuni ambayo haiko Google wala Microsoft. Katika biashara ndogo za mijini kwetu hao ni wengi sana. Kijana wa IT alikutengenezea tovuti na info@, akakuwekea kwenye programu ya barua iliyokuja na simu, akaondoka. Hakuna bendera inayokwenda popote.

Njia ya Todoist haijali unasomea barua wapi. Kila mradi ndani yake una anwani yake ya barua pepe, ndefu na yenye herufi zisizosomeka. Unainakili mara moja, unaihifadhi kwenye majina ya simu kwa jina fupi. Mimi nimeiita "AA Kazi", ili ikae juu ya orodha. Barua ya kazi ikija, unaisambaza kwa "AA Kazi". Kichwa cha barua kinakuwa jina la kazi, maneno ya ndani yanaambatana nayo. Ukiwa unasambaza, unaweza kubadilisha kichwa pale pale, na hapo ndipo ninapofuta "Fwd: Habari" na kuandika kitendo.

Nimeweka miradi minne: Proforma, Zabuni, Kodi, Nyumbani. Wa Kodi ndio unaonilipa. Ndani yake kuna kazi zinazojirudia: kwa Tanzania, PAYE (kodi ya mishahara) kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20. Ndugu zetu wa Kenya wana tarehe 9 kwa PAYE, 20 kwa VAT, na ritani ya mwaka kabla ya 30 Juni. Mhasibu wangu akinitumia makadirio, nasambaza kwenye mradi huo, na barua inakaa karibu na tarehe yake.

Ukiandika kazi kwa mkono, Todoist inaelewa tarehe zilizoandikwa ndani ya sentensi, kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Andika "Thursday 10:00" itaelewa. Andika "Alhamisi" itabaki neno tu. Hicho ni kichekesho cha kila siku kwenye orodha yangu: kitendo Kiswahili, siku Kiingereza.

Upungufu wake: hakuna kiungo cha kukurudisha kwenye barua ya asili kama kile cha Gmail. Unabaki na nakala. Ukitaka kumjibu mteja, urudi kwenye kikasha uitafute. Na kila unachosambaza kinakwenda kukaa kwa kampuni nyingine. Nakala ya kitambulisho cha mtu, mkataba wenye mshahara, majibu ya hospitali, hivyo usivisambaze. Andika kazi kwa mkono. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Taarifa za mteja si zako kuzitembeza.

Bei: kuna ya bure, yenye miradi mitano, na kwa mtu mmoja mara nyingi inatosha. Ya kulipia imekuwa kati ya dola 4 na 7 kwa mwezi kutegemea unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Anza na ya bure, na usilipe mpaka umejikuta unahitaji mradi wa sita.

5. Trello

Hii ni ya watu, si ya mtu. Ubao una nguzo, tuseme "Imeingia", "Inachapwa", "Imepelekwa", na kila barua unayoisambaza kwenye anwani ya ubao inakuwa kadi ambayo mwenzako anaiona kwenye simu yake. Kwa ofisi ya watu watatu inamaliza ule mtindo wa "nilidhani wewe ndiye uliyemjibu". Iko chini ya Atlassian tangu 2017. Ya bure inakubali hadi watu kumi kwenye eneo moja la kazi. Kwenye kioo kidogo kuvuta kadi ni kazi ya kukera, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake ni sawa na kukodi fuso kubeba kiroba kimoja.

6. Spark

Hii ni programu ya kusomea barua. Inapendeza machoni, inaahirisha barua vizuri, inaunganisha akaunti zote mahali pamoja. Watengenezaji ni Readdle, kampuni iliyoanzia Odesa, Ukraine. Nimeiweka mwisho kwa sababu inadai uhame: barua zako zote zipitie kwao, wakati shida yako ni orodha ya kazi tu. Na mambo yake mengi mazuri yako upande wa kulipia. Anayependa kikasha safi kuliko orodha safi ataniona nimeionea.

Chini ya hizi kuna mamia ya programu zenye majina yanayofanana, zinazoahidi kwamba akili mnemba itasoma barua zako zote na kukupangia siku. Ukiiweka, inaomba ruhusa ya kusoma, kutuma na kufuta barua zote. Kwenye barua zako kuna viungo vya kubadilishia neno la siri la benki. Kama hujui kampuni iko nchi gani, usibonyeze kukubali.

Programu nzuri, simu bubu

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni "nimeweka lakini hakikulia". Mara nyingi kosa si la programu. Simu nyingi za Android za bei ya kati na ya chini huzima programu zinazokaa nyuma ili betri idumu, na kikumbusho kinazimwa pamoja nazo. Kinakuja kulia unapofungua programu kwa mkono, yaani umekumbuka mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya kazi na ya kalenda, ziondoe kwenye vizuizi. Kama simu ina programu ya kusafisha kumbukumbu, ile yenye picha ya fagio au roketi, iambie isiziguse hizo mbili.

Kuanzia Android 13, kila programu mpya inakuomba kwanza ruhusa ya kukutumia arifa. Wengi tumezoea kubonyeza kukataa kwa kila kinachotokea kwenye kioo. Ukikataa hapo, programu itafanya kazi yake yote kimya kimya.

Kuijaribu ni rahisi. Jitumie barua tatu kutoka akaunti nyingine: moja yenye tarehe ya Kiswahili, moja yenye kiambatisho, moja yenye kichwa kisicho na maana. Zigeuze zote kuwa kazi za leo, zikiachana kwa saa mbili mbili. Zima kioo, weka simu mfukoni, endelea na shughuli zako. Usiifungue programu. Jioni utajua ngapi zimelia na ngapi zinakurudisha kwenye barua.

Kulipa

Hizi za kulipia zinataka kadi. Wakenya wana kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyotoka 2022 kwa ushirikiano wa Safaricom na Visa, na inakata moja kwa moja kwenye salio la M-Pesa. Kwingine tumia kadi ya benki, ila uulize kwanza kama inaruhusu malipo ya mtandaoni na makato ya kubadilisha fedha ni kiasi gani, maana kwa dola tano makato yanaonekana.

Kipindi cha kujaribu bure kikiisha, pesa inakatwa bila kuulizwa, na kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Usajili unasitishwa Play Store au App Store, au kwenye akaunti yenyewe kama ulilipia kwenye tovuti yao. Siku ile ile unapoanza kujaribu, ile barua wanayokutumia ya kukukaribisha ndiyo iwe ya kwanza kugeuzwa kuwa kazi: "Sitisha au lipa", siku mbili kabla ya tarehe ya kukatwa, 10:00.